Baraza Ndani ya Seli: Jina la Protini na Wajibu wa Mwanakiswahili

Utangulizi

Kakuyuni ni wadi katika eneo bunge la Malindi, Kaunti ya Kilifi, upande wa bara wa mji wa Malindi. Mwanafunzi wa biolojia atokaye huko, arudipo nyumbani likizoni, hukabiliwa na mtihani ambao haukutungwa na mhadhiri yeyote. Jioni, chini ya mwembe, bibi yake humwuliza swali jepesi: "Mjukuu wangu, huko chuoni wasomani?" Huenda mwanafunzi huyu amefaulu vyema katika somo la mawasiliano ya seli, lakini hapo husita. Hutaja neno moja la Kiswahili na matatu ya Kiingereza, kisha hujiokoa kwa kusema kwamba anasoma "mambo ya damu". Bibi huitikia kwa adabu, na mazungumzo hurudi kwenye mvua na mahindi. Hakuna aliyepungukiwa na akili katika mazungumzo hayo. Kilichopungua ni maneno, nayo yalipungua kwa kuwa hakuna aliyeketi kuyatafuta.

Makala haya yanashika mfano mmoja tu wa upungufu huo. Katika seli za viumbe mna protini ambazo kazi yao ni kuzikutanisha protini nyingine ili habari ipite kwa usahihi. Kiingereza kiliziita kwa jina la zile nguzo na mbao wanazosimamia mafundi wa ujenzi, na mwanafunzi anayefungua kamusi kutafuta kisawe hukutana na neno jukwaa. Hapo ndipo kosa huanzia. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba istilahi ya sayansi haina budi kufuata kazi ya kitu chenyewe, wala si kivuli cha neno la Kiingereza. Kwamba jina linalozifaa protini hizi ni protini baraza. Na kwamba kutafuta majina ya aina hii ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kwa sababu ambazo katika pwani ya Kilifi zinagusa uhai wa watoto.

Kazi ya Protini Hizi

Seli haina macho wala masikio, lakini huishi kwa kusikiliza. Homoni, chakula, chumvi, jeraha na seli jirani huipelekea habari. Habari hiyo aghalabu hupokewa na vipokezi vilivyopachikwa katika utando wa seli, kisha hupokezanwa ndani kutoka protini moja hadi nyingine mpaka ifike katika kiini, ambako jeni fulani huwashwa na nyingine huzimwa. Wengi wa wapokezanaji hao ni vimeng'enya vinavyobandika fosfeti juu ya protini nyingine. Kimeng'enya kikishabandikwa huamka, nacho hukibandika kinachofuata.

Tatizo ni kwamba ndani ya seli mna msongamano. Protini za maelfu ya aina zimo pamoja na hugongana kila wakati, na kimeng'enya kimoja huweza kutumika katika njia mbili zenye matokeo tofauti kabisa. Lau kila kimeng'enya kingezungumza na kila kinachokigusa, seli ingepata habari ya chumvi na kuijibu kana kwamba ni habari ya uzazi. Swali lililowashughulisha wanabiolojia kwa muda mrefu ni hili: habari haipotei njia vipi?

Sehemu ya jibu ilipatikana katika kiumbe kinachojulikana na kila apikaye mahamri, yaani hamira. Seli za hamira zina jinsia mbili, a na alfa. Seli ya jinsia moja hutoa kemikali ambayo ya jinsia ya pili huinusa, nayo hujiandaa kuungana nayo. Habari ya harufu hiyo hupokezanwa na vimeng'enya vitatu vyenye majina ya Ste11, Ste7 na Fus3, kwa mfuatano huo. Mwaka 1994 ilionyeshwa kwamba vimeng'enya hivyo vyote hushikwa na protini moja iitwayo Ste5. Ste5 yenyewe si kimeng'enya cha kubandika fosfeti. Hata hivyo, ikikosekana, vimeng'enya vyote vitatu huwapo, vizima na vyenye nguvu zao, na ndoa haifungwi.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba Ste11 hiyo hiyo hutumika pia hamira inapokumbwa na chumvi nyingi. Katika njia hiyo ya pili haishikwi na Ste5, bali na protini nyingine iitwayo Pbs2. Mjumbe ni mmoja. Anachoambiwa afanye hutegemea ameketi wapi. Mwaka 2003, watafiti wa maabara ya Wendell Lim huko California waliziunganisha Ste5 na Pbs2 wakapata protini moja ya kutengenezwa. Seli za hamira zilizopewa protini hiyo ziliponusa harufu ya uchumba ziliitikia kana kwamba zimetiwa katika chumvi. Hakuna mjumbe aliyebadilishwa. Kilichobadilishwa ni kikao, na maana ya habari ikabadilika.

Aidha, isidhaniwe kwamba protini hizi hukalisha wengine tu na kunyamaza. Mwaka 2009 iligunduliwa kwamba Ste5 hubadili hali ya Fus3 ili Ste7 iweze kuiamsha. Bila ya mguso huo, Ste7 haiwezi kuifungua Fus3 ipasavyo hata zikikutana. Kwa hiyo mahali pa kukutania panamgeuza akutanaye.

Kukua na Kuugua

Mfano wa hamira usidhaniwe kuwa ni wa jikoni tu. Mwili wa mwanadamu hujengwa kwa njia kama hizo. Katika kiinitete, seli zinazofanana hupokea habari za kuamua ipi iwe ya mgongo na ipi iwe ya tumbo, ipi iendelee kugawanyika na ipi ikome. Mojawapo ya habari hizo hubebwa na protini za jamii ya Wnt. Ndani ya seli isiyopokea Wnt, protini iitwayo Axin huzishika pamoja protini nyingine kadha, ikiwamo APC na vimeng'enya viwili, na kati yao huikalisha beta-katenini. Beta-katenini ikishaketi hapo hubandikwa alama ya kuangamizwa, nayo huangamizwa. Wnt ikifika, kikao hicho huvurugwa, beta-katenini husalimika, huingia katika kiini na kuwasha jeni za ukuaji.

Panya waliorithi hitilafu katika jeni ya Axin walifunza jambo zito. Mwaka 1997 ilichapishwa kwamba Axin ndiyo protini ya jeni iliyojulikana awali kwa jina la Fused, ambayo ikiharibika, viinitete vya panya huweza kuanza kujenga mhimili wa mwili mara mbili. Kiumbe huchanganyikiwa kuhusu upande wake wa mbele na wa nyuma, si kwa kukosa matofali, bali kwa kukosa mahali pa kuafikiana.

Na kilichojenga mwili huweza kuuangamiza. APC, mshiriki wa kikao hicho cha Axin, iligunduliwa mwaka 1991. Mtu akirithi APC iliyovunjika hupata vinyama vingi katika utumbo mpana, mamia hata maelfu, na baadhi yake hugeuka saratani asipotibiwa. Hata kwa watu wasioirithi hitilafu hiyo, saratani nyingi za utumbo mpana huwa na APC iliyoharibika. Beta-katenini hukosa wa kuiketisha na kuizuia, na seli huendelea kugawanyika kana kwamba zimeamrishwa.

Katika ubongo hali ni kama hiyo. Protini iitwayo SHANK3 hupanga vipokezi na wenzake mahali ambapo neva moja hupokea habari ya nyingine. Mwaka 2007 hitilafu za jeni yake zilihusishwa na usonji kwa baadhi ya watoto. Upungufu wake huleta madhara. Na panya waliopewa SHANK3 kupita kiasi, kama ilivyochapishwa mwaka 2013, nao walionyesha tabia zisizo za kawaida.

Hili la kuzidi linahitaji kufikiriwa. Kwa kawaida mtu hudhani kwamba kikiongezwa chombo cha kukutanisha, mikutano itaongezeka. Sivyo. Ikiwa protini ya kukutanisha ni nyingi mno na wajumbe ni walewale watatu, mmoja ataketi hapa, wa pili kule, wa tatu kwingine, na hakuna kikao kitakachopata akidi. Habari itakwama ilhali kila mmoja ameketi. Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Seli huonyesha kwamba hata vikao vikizidi, chombo hakiendi.

Kutoka Seli hadi Kilifi

Mtu anaweza kuuliza: haya yote yanamhusu nini bibi wa Kakuyuni? Jibu limo katika ugonjwa anaoujua kuliko profesa yeyote wa nchi isiyo na mbu wake.

Katika mji wa Kilifi, tangu mwaka 1989, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, maarufu kama KEMRI, imekuwa ikishirikiana na shirika la Wellcome Trust la Uingereza na Chuo Kikuu cha Oxford katika utafiti wa maradhi ya watoto, malaria ikiwa mbele. Humo yamepatikana mengi. Mwaka 2005 ilichapishwa kwamba watoto wa Kilifi waliorithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja walikuwa na kinga inayokaribia asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliotumia damu ya watoto wa Kilifi wenye aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo humpunguzia aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili hatari ya malaria kali kwa asilimia 74. Watafiti walitarajia kukuta kipokezi fulani kinachomnyima kimelea mlango. Badala yake walikuta kwamba mpangilio wa protini nyingi za utando umebadilika, na kwamba utando umekazika kama ngozi ya ngoma iliyowambwa vyema, kiasi cha kimelea kushindwa kupenya. Hata hapa, kilichoamua mambo hakikuwa kitu kimoja bali namna vitu vilivyopangwa pamoja.

Lakini kisa kinachogusa zaidi hoja ya makala haya ni kile cha degedege. Kimelea cha malaria aina ya Plasmodium falciparum kikishaingia katika seli nyekundu ya damu hutengeneza protini iitwayo KAHRP. Protini hiyo hujishikiza katika kiunzi cha chini ya utando wa seli, kile kilichofumwa kwa spektrini na ankirini, na hapo hujenga vinundu. Juu ya vinundu hivyo hukalishwa protini ya kunata iitwayo PfEMP1. KAHRP haipokezani habari kama Ste5. Ni jamaa ya mbali. Hata hivyo kazi yake ni ya ukoo uleule: kuwakutanisha wengine mahali pamoja ili watende ambalo mmoja mmoja wasingeliweza. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba kimelea kilichonyimwa jeni ya KAHRP hakijengi vinundu, na seli kilimo haing'ang'anii vyema katika mkondo wa damu. Penye vinundu, seli zenye vimelea hunata katika kuta za mishipa midogo, ikiwamo ya ubongo. Hiyo ni mojawapo ya sababu kuu za malaria ya ubongo, ambayo mtoto huzimia na kupatwa na mtukutiko wa mwili.

Mtukutiko huo Waswahili waliuita degedege, jina lililomo ndege ndani yake, na pwani nyuni alitajwa kuwa ndiye amletaye. Mwaka 1995 Halima Mwenesi na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jinsi wakazi wa pwani ya Kenya, Wamijikenda wakiwamo, walivyozielewa dalili za malaria kali ya watoto. Ilibainika kwamba homa ilihesabiwa kuwa ugonjwa mmoja na mtukutiko kuwa mwingine, wenye chanzo chake na mganga wake. Homa ilipelekwa dukani kununuliwa dawa au hospitalini. Degedege ilipelekwa kwingine. Wazazi hao hawakuwa wajinga. Walifuata maelezo ambayo lugha yao iliwapa, na maelezo hayo yalikuwa kamili kwa namna yake: yana mtendaji, yana njia, yana tiba. Maelezo ya hospitali yalikuja na tangazo tu kwamba malaria husababisha degedege. Kiungo cha katikati, yaani namna ambavyo homa ya jana hugeuka mtukutiko wa leo, hakikuwa na maneno ya kukisimulia. Tangazo lisilo na kisa haliwezi kushindana na kisa.

Mfano wa pili ni wa ridhaa. Mwaka 2004 Sassy Molyneux, Norbert Peshu na Kevin Marsh walichapisha uchunguzi wa namna wazazi wa pwani ya Kenya walivyouelewa utafiti walioridhia watoto wao washiriki, na ikaonekana kwamba kwa baadhi yao mpaka kati ya utafiti na matibabu ya kawaida haukuwa bayana. Ni vyema kwamba waliochunguza jambo hili walikuwa watafiti wenyewe wa Kilifi, na wakalisema wazi. Hata hivyo, wanatiba wanaweza kuligundua pengo hili. Kuliziba peke yao hawawezi. Kuliziba ni kazi ya lugha.

Jukwaa, Kiunzi au Baraza?

Kuna majina matatu yanayoweza kushindania nafasi hii. La kwanza ni jukwaa. Sifa yake ni kuwa karibu na neno la Kiingereza. Kasoro zake ni mbili. Jukwaa la mafundi huwekwa nje ya nyumba na huondolewa nyumba ikiisha, ilhali protini hizi zimo ndani ya kazi yenyewe na hudumu nayo. Zaidi ya hayo, katika Kiswahili cha leo jukwaa ni mahali pa mmoja kusema na wengi kusikiliza: mwanasiasa, mwigizaji, mwimbaji. Ste5 haimpandishi yeyote juu ya wenzake. Huwaketisha kwa mpangilio ili amguse jirani yake.

La pili ni kiunzi. Hili ni neno la heshima katika pwani. Kiunzi cha jahazi kinajulikana na kila fundi wa vyombo, na anayepita kando ya nyumba ya udongo inayojengwa Kakuyuni huona nguzo zilizosimikwa na fito zilizofungwa kabla ya kukandikwa, akaona kiunzi kwa macho yake. Lakini uzuri wa neno hili ndio unaoliondoa katika shindano. Seli ina kiunzi chake cha kweli, ule mfumo wa nyuzi unaoipa umbo, kama wa spektrini uliokwisha kutajwa. Neno kiunzi na liachiwe mfumo huo. Likipewa protini za kukutanisha pia, mwanafunzi atachanganyikiwa palipo na vyote viwili, na katika malaria vyote viwili vipo.

La tatu ni baraza. Katika nyumba za mawe za miji ya Waswahili, baraza ni kile kibao cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta, mahali wanapokaa watu kuzungumza. Neno hilohilo ni jina la kikao chenyewe. Baraza halisemi, lakini huamua nani amsikie nani. Mtu yuleyule anayeketi baraza la arusi asubuhi na baraza la matanga jioni hunena tofauti, kwa sababu mahali pamemfunza adabu ya kunena. Ndivyo ilivyo kwa Ste11 katika mabaraza yake mawili, na ndivyo Ste5 inavyoibadili Fus3. Baraza likikosa akidi, jambo haliamuliwi. Mabaraza yakizidi, wajumbe hutawanyika. Kila tabia ya protini hizi iliyoelezwa hapo juu ina mwenzake katika neno hili, bila ya kulazimisha.

Wanafunzi wa istilahi watataka kulipima jina hili kwa vigezo walivyozoea kuviita PEGITOSKA. Kwa usahihi, limetenganishwa na kiunzi na jukwaa. Kwa ufupi, ni maneno mawili. Kwa uwazi, halihitaji tafsiri. Kwa uzalishaji, ndilo tajiri kuliko yote, kwa kuwa lina kitenzi chake cha asili, kubarizi. Mwalimu anaweza kusema kwamba Ste7 na Fus3 hubarizi katika Ste5. Kwamba Axin ni baraza la beta-katenini. Kwamba APC iliyovunjika haibarizishi tena. Na protini ndogo zinazounganisha mbili tu, ambazo hazistahili kuitwa baraza, zinaweza kupewa jina la protini mshenga, kwani mshenga huwaunganisha wawili. Jina moja limezaa jamaa yake, na mfumo umeanza.

Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza litasema kwamba baraza lina maana nyingi: kuna Baraza la Mawaziri, kuna baraza la chifu. Jibu ni kwamba neno seli nalo hukaa katika kituo cha polisi, na hakuna mwanafunzi wa biolojia aliyewahi kudhani kwamba mwili wake una mahabusu. Muktadha hufanya kazi yake.

Pingamizi la pili litasema kwamba baraza la mawe ni la mjini, la Lamu na Mombasa, wala si la kijiji chenye nyumba za udongo. Hili lina uzito, kwani istilahi isiyomjali mwenye lugha ni ukoloni wa ndani. Lakini neno lenyewe limekwisha kutoka mjini zamani. Hakuna kijiji nchini Kenya kisichojua kuitwa barazani, na kikao cha wazee chini ya mti hakihitaji kibao cha mawe ili kiitwe baraza.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi. Litasema kwamba sayansi huandikwa kwa Kiingereza, kwamba mwanafunzi atakayefanya utafiti atahitaji jina la Kiingereza, na kwamba ni afadhali kuandika skafoldi na kuendelea na kazi. Ni kweli kwamba atalihitaji, na hakuna anayemkataza kulijua. Kukopa nako si dhambi. Protini, homoni na jeni zimekopwa na zimekaa. Lakini kuna mambo yanayobeba jina tu na kuna yanayobeba kisa. Protini ni jina la kitu. Anayelisikia kwa mara ya kwanza ataelezwa na kulizoea. Skafoldi ni tashbihi, na tashbihi iliyokopwa hufika ikiwa imekufa, kwa maana msikilizaji haioni picha iliyoizaa. Kiswahili kimewahi kulishinda jaribu hili. Neno selimundu limetwaa mundu wa mkulima na kuuweka ndani ya seli, na mzazi akilisikia huliona umbo la seli iliyopinda kabla ya daktari kuchora. Neno UKIMWI linaeleza ugonjwa wenyewe kwa herufi zake: upungufu wa kinga mwilini. Maneno hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Yalitungwa na watu walioona kwamba jamaa zao wanaugua kitu wasichoweza kukitaja.

Hitimisho

Kiswahili kina nafasi ya kisheria ambayo vizazi vilivyotangulia viliitamani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza, juu ya kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Heshima hizo ni njema, lakini hazimfai mzazi aliyeketi wodini usiku. Kinachomfaa ni mtu aliyekwisha kuketi na mwanabiolojia, akamwuliza kila protini hufanya nini, na kuurudisha ujuzi huo katika lugha yenye picha.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vimezoea kukutana na idara za fasihi, isimu na historia. Katika Kilifi, Chuo Kikuu cha Pwani na kituo cha utafiti wa malaria vimo katika mji mmoja. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, idara za Kiswahili na za tiba zimo katika vyuo vilevile au vyuo jirani. Wajumbe wote wapo, wazima na wenye nguvu zao, kama vimeng'enya vya hamira isiyo na Ste5. Kinachokosekana ni baraza. Kila chama na kianze na orodha fupi, ya istilahi 20 za maradhi yanayoua katika eneo lake, na kila istilahi ijaribiwe kwanza kwa msikilizaji asiyesoma biolojia kabla ya kupelekwa kwa wahariri wa kamusi.

Na mwanafunzi wa Kakuyuni, siku atakapoulizwa tena chini ya mwembe, ataweza kujibu hivi: "Bibi, kimelea cha malaria kikiingia katika damu hujijengea baraza ndani ya nyumba ya mwenyewe. Hapo huviketisha vitu vyake vya kunata, damu ikanata katika mishipa ya kichwa, na mtoto akatukutika. Homa na degedege ni ugonjwa mmoja, bibi. Hilo la pili ni baraza la lile la kwanza." Huenda bibi akakubali, huenda akabisha. Lakini atakuwa na la kubishia, na siku mjukuu mwingine akichemka mwili usiku, hatangoja ndege ndipo amtafutie gari la hospitali.